Kabla Fundi Hajapiga Plasta

Mwezi huu kona yote naitoa kwa swali moja, maana limenifikia kutoka kwa wengi. Aliyeliuliza vizuri kuliko wote ni mama kijana wa Kidugala, wilayani Wanging'ombe. Mume wake anafanya biashara Makambako. Wana watoto watatu, wanaishi na mama mkwe, na wanajenga. Bati limeshapanda, na fundi umeme ameanza kutindua kuta apitishe mabomba ya nyaya. Kwa sasa anapikia gesi ya mtungi, na kuni kwenye jiko la nje. Anasema amechoka gesi kumwishia ugali ukiwa nusu. Anataka nyumba mpya iwe ya umeme mtupu: jiko, maji ya kuoga, hata joto la usiku. Anauliza kama atakuwa amejenga au amejitwika mzigo.

Mdogo wangu, kwenye jiko nakuunga mkono. Kwenye maji ya kuoga, nenda taratibu. Kwenye joto la usiku, sikushauri. Sasa nisikilize.

Tuanze na gesi yenyewe, kwa sababu wengi wenu mnachanganya mbili. Tanzania ina gesi asilia. Ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kuzalisha umeme mwaka 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Nyumba kadhaa za Dar es Salaam, Mtwara na Lindi zinapikia gesi hiyo kwa bomba. Huku kwetu bomba hilo halijafika. Gesi ya mtungi unayobadilisha dukani Makambako ni nyingine. Inatoka nje kwa meli, inashushwa bandarini, inajazwa kwenye mitungi, kisha inapakiwa lori na kupanda milima hadi kwako. Bei ya dunia ikipanda inakugusa, na nauli ya lori ikipanda inakugusa pia. Wanepali walionja uchungu wa jambo hili mwaka 2015, njia za mpakani na India zilipozibwa na mitungi ikaadimika miezi kadhaa. Familia nyingi ziligeukia majiko ya umeme, na nchi yao ina mito ya kuzalisha umeme kama tuliyo nayo sisi.

Kuhusu mito, mna haki ya kujivunia. Ule Ruhuji unaopita Njombe mjini unashuka hadi Kilombero, na Kilombero inamwaga maji yake Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Maji yanayopita chini ya daraja lenu yanakwenda kuzungusha mitambo ile. Na tangu 2018 laini ya kilovoti 220 inatoka Makambako kupitia Madaba hadi Songea. Kwa hiyo umeme si mgeni tena kwetu. Bado unakatika, hasa msimu wa radi, na jioni kwenye vijiji vilivyo mwisho wa laini taa hufifia. Nitalirudia hilo mwishoni.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa, na agizo hilo linazigusa moja kwa moja shule za bweni zilizojaa mkoa wetu. Kwa upande wa majumbani, REA, wakala wa nishati vijijini, imekuwa ikitoa mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, na wanawake wengi wameipata. Ila kuna jambo limejengeka vichwani mwetu ambalo si sahihi: mtu akisikia nishati safi, anawaza mtungi tu. Umeme nao umo, na kwa vyakula tunavyokula Njombe, nathubutu kusema ndio wenye faida kubwa zaidi.

Sababu iko kwenye maharage. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo maji hayasubiri kufika nyuzi 100 ndipo yachemke. Yanachemka kwenye nyuzi kama 93, na hapo yanagota, hata ukiongeza moto kiasi gani. Ndiyo maana mtu aliyezoea kupika maharage Dar es Salaam akija huku anadhani ameuziwa maharage ya zamani. Yanakaa jikoni saa mbili, saa tatu, na gesi inateketea. Sasa chukua jiko la presha la umeme, lile sufuria lenye mfuniko wa kufunga. Ndani yake mvuke unabanwa, joto linapanda kupita nyuzi 110, na mwinuko wa Njombe haukusumbui tena. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva ndani ya dakika 30 au 40. Makande, nyama ya ng'ombe mzee, utumbo, kuku wa kienyeji, vyote hivyo ni kazi yake.

Na halili umeme kama wengi mnavyoogopa. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kukata linakula uniti moja. Hili la presha likishajaa mvuke linajikata, linawaka kidogo kidogo kushikilia joto, kwa sababu sufuria limefunikwa pande zote na joto halitoki. Sufuria la maharage linamalizika kwa kama nusu uniti. Jiko la koili, yale ya sahani moja au mbili, kwa maharage hayohayo linakula mara kadhaa zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia umeme ni ghali kupikia, muulize kwanza alipikia jiko gani.

Koili lina kazi yake: chai, mboga za majani, kukaanga kitunguu. Jiko la sumaku, lile la kioo linalopasha sufuria moja kwa moja, linapoteza joto kidogo kuliko koili na linawahi kushika moto. Lakini halielewani na sufuria zetu za alumini. Kabla hujalinunua, chukua sumaku ndogo, hata ya spika mbovu ya redio, uibandike chini ya sufuria zako. Isipong'ang'ania, sufuria hiyo haitapata joto, na itabidi ununue nyingine. Ugali wa familia ya watu sita kwenye jiko la kioo sikushauri. Tunasonga kwa nguvu, na kioo hakijatengenezwa kwa mwiko wetu.

Hesabu ya fedha inataka utulivu kidogo, na hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Chukua risiti yako ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, uitazame. Wateja wadogo wa majumbani, wanaotumia si zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, wananunua kila uniti kwa shilingi 100, na ukiweka kodi na tozo inakuwa 122. Wateja wa kawaida wananunua kwa 292, na pamoja na kodi na tozo ni kama 356. Ukiwa mteja mdogo na ukavuka uniti 75, zile za juu unauziwa kwa 350 kabla ya kodi, na ukifanya mazoea unahamishiwa kundi la kawaida. Tuseme sasa hivi unatumia uniti 45 za taa, simu, televisheni na pasi: unalipa kama 5,500 kwa mwezi. Ukahamia umeme kwa mapishi yote na ukaongeza uniti 40, ukafika 85, na ukahamishwa kundi. Malipo yako yatakuwa kama 30,000. Umeongeza karibu 25,000.

Je, ni hasara? Inategemea ulikuwa unatumia kiasi gani kwenye gesi. Kama mtungi wa kilo 15 unakuishia kila mwezi, umepata ahueni kubwa. Kama ulikuwa unapikia kuni za shambani na gesi ni ya kuchemshia maziwa ya mtoto, utaona umeibiwa.

Kwa hiyo ushauri wangu unagawanyika. Ukiwa tayari uko kundi la kawaida, hamisha vyakula vyote vya kuiva muda mrefu kwenye jiko la presha, leo kabla ya kesho. Ukiwa mteja mdogo, usihamishe kila kitu. Pika maharage, makande na nyama kwa presha mara nne kwa wiki, ambazo ni kama uniti 9 kwa mwezi, halafu ugali na chai viache kwenye gesi. Utabaki chini ya 75, na mtungi wako utadumu muda mrefu kuliko ulivyozoea, kwa sababu kilichokuwa kinaumaliza ni yale maharage.

Lakini ngoja niseme lililo moyoni. Kuni zinaitwa za bure kwa sababu hakuna anayelipwa kuzileta. Mke anakwenda, binti anakwenda baada ya shule, wanarudi na mzigo kichwani, na kwenye hesabu za nyumba safari ile haiandikwi popote. LUKU inaandikwa. Inatoka kwenye simu ya baba. Ndiyo maana mwanaume mwema kabisa, anayempenda mkewe, anaweza kununua televisheni ya nchi 43 na kukataa jiko la umeme kwa maneno ya kwamba linamaliza uniti. Si ukatili. Jasho lako hajawahi kuliona kwenye risiti.

Mdogo wangu, usigombane naye. Mpe risiti. Kwa mwezi mmoja andika kwenye daftari: siku mliyobadilisha mtungi na bei yake, mkaa mlionunua, kuni zilizoletwa na nani na kwa saa ngapi. Andika pia LUKU. Kisha azima jiko la presha kwa rafiki, upike maharage siku anapokuwa nyumbani, umwonyeshe namba ya uniti kwenye mita kabla na baada. Mfanyabiashara wa Makambako anajua kusoma hesabu. Na mkubaliane mapema fedha ya uniti za kupikia inatoka mfuko gani. Mkiacha hilo bila kusema, siku uniti zikiisha saa moja jioni lawama itakuwa yako peke yako.

Turudi kwenye nyumba yako, maana fundi hatakusubiri. Jikoni usikubali waya wa soketi za kawaida uvutwe tu hadi kwenye jiko. Taa zinatosheka na waya wa milimita 1.5, na soketi za kawaida 2.5. Jiko la sahani mbili au hita ya maji inataka njia yake yenyewe kutoka kwenye boksi la swichi, yenye waya mnene wa milimita 4 au 6 kulingana na ukubwa wa kifaa, na swichi yake ya kukata. Weka njia hiyo sasa hata kama jiko utalinunua baada ya miaka miwili. Waya ukipita kabla ya plasta ni kazi ya mchana mmoja. Baada ya plasta na rangi ni kubomoa ukuta. Mwambie aweke kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, na waya wa ardhi uchimbiwe kweli, nikisema kweli namaanisha uone fimbo ikizama kwenye udongo kwa macho yako. Muombe fundi leseni yake ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati. Asiye nayo anaweza kuwa hodari, lakini nyumba ikiungua hutakuwa na pa kumpeleka.

Marufuku kubwa kwangu ni ule waya wa nyongeza wa kuchomeka vitu vinne. Chaji simu, chomeka redio. Jiko, pasi na hita kamwe. Unapata joto, unalainika, unaunguza soketi, na huanza kunuka wakati wewe umekwenda kusalimia jirani. Wenye nyumba ndogo zilizowekewa UMETA, ule ubao wenye soketi na swichi tayari, msiupakie jiko la koili. Waulizeni kwanza mafundi wa TANESCO kama jiko lenu la presha linafaa pale.

Kuna wale mnaopanga Makambako, vyumba sita LUKU moja. Barua zenu nimezisoma, na najua mnavyoishi: mwenye nyumba amebandika karatasi mlangoni kwamba jiko la umeme ni marufuku, na mnachangia kwa kichwa. Simlaumu sana. Mkichangia sawa, anayepika kwa umeme anapikiwa na wenzake. Suluhisho ni mita ndogo kwa kila chumba, zile zinazopima tu bila kuuza. Kaeni kikao, mchange mnunue, fundi azifunge, kila mtu alipe alichokula. Mkilifanya hilo, mwenye nyumba hatakuwa na sababu ya kukataa jiko la presha la uniti nusu. Na mkumbuke kwamba LUKU moja ya vyumba sita huwezi kuiweka chini ya uniti 75, kwa hiyo pigeni hesabu zenu kwa shilingi 356.

Maji ya kuoga sasa. Ndoo ya lita 20, maji ya Njombe ya baridi, ukiyapasha yawe ya uvuguvugu mzuri inakula kama uniti 0.6. Ndoo tano kwa siku ni uniti 3, na kwa mwezi ni uniti 90 kwa maji pekee. Umeshavuka 75 kabla hujawasha taa. Ndiyo maana nimekwambia uende taratibu. Ukiweza, tenga fedha ya hita ya jua juu ya bati, na umeme uwe wa kusaidia siku za ukungu. Ukichagua, uliza inavyostahimili baridi ya kuganda, maana Juni na Julai zetu unazijua. Na ile fimbo ya kutumbukiza kwenye ndoo, nawasihi, msiiache na watoto. Mtoto akitia mkono kwenye ndoo fimbo ikiwa inawaka, anaweza asitoke. Ichomoe ukutani kwanza, ndipo mtu aguse maji.

Joto la usiku ndilo linaloniogopesha kuliko yote, na si kwa ajili ya umeme. Hita ya chumba ya wati 2,000 ikiwaka saa nne inakula uniti 8, ambazo ni karibu shilingi 2,850 kwa usiku mmoja. Ni wachache watakaovumilia hilo wiki mbili. Mtu akishindwa anarudia alichozoea: jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, madirisha yanazibwa kwa nguo, watu wanalala. Mkaa unaowaka polepole unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Haikohozi mtu, haimwamshi. Inamlegeza, anazama kwenye usingizi, na asubuhi jirani anagonga mlango bila jibu. Familia nzima huondoka hivyo katika nyanda zetu hizi za baridi. Na msidanganyike kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi ni salama. Sumu hiyo haihitaji moshi.

Kwa hiyo fedha ya hita ya chumba iweke kwenye nyumba yenyewe. Weka dari vyumba vyote, kwa sababu bati tupu linatoa joto lote nje. Ziba nafasi kati ya ukuta na kenchi, weka mlango unaogusa sakafu, pazia zito, blanketi mbili nzuri kwa kila kitanda na chupa ya maji ya moto kwa mama mkwe. Hayo unalipia mara moja.

Nikimtaja mama mkwe, usibomoe jiko la nje. Wanawake wa umri wake wanakaa pale kuota moto na kuzungumza, na ukilifunga ghafla atahisi amefungiwa yeye. Lipe bomba la moshi na dirisha, lihifadhi kwa misiba na harusi. Ila jua kwamba moto wa kila siku ukizimika, mahindi mliyotundika juu ya jiko yatakosa moshi na wadudu watayashambulia. Anza msimu huu kutumia mifuko isiyopitisha hewa, na mahindi yakauke vizuri kabla ya kufungwa.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya Ulaya. Haya, tuitazame Ulaya yenyewe: kule Uholanzi, nchi iliyopikia gesi yake yenyewe kwa miongo mingi, tangu Julai 2018 nyumba mpya kwa kawaida haziunganishwi tena na bomba la gesi, na uchimbaji wao wa gesi huko Groningen ulisababisha matetemeko yaliyopasua nyumba za watu. Wao wanabomoa kuta kubadilisha walichokwisha kujenga, kwa gharama kubwa. Wewe kuta zako bado ni tofali tupu.

Basi Jumamosi mume wako akija kutoka Makambako, nendeni wote wawili kwenye nyumba, mkiwa na fundi, mchore kwa chaki mahali jiko litakapokaa, mahali hita ya maji itakapokaa, na njia ya waya wa kila kimoja hadi kwenye boksi. Fundi asipige plasta mpaka mmeona waya huo kwa macho. Na mtungi wako usiuuze. Uweke nje ya chumba cha kulala, uwe na gesi ndani yake siku zote, kwa ajili ya jioni ambazo radi itakata umeme.